Mkakati wa Umaskini: Mipango Si Matumizi

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita nilitaja kwa kupita tu habari ya mikakati ya kupunguza umaskini, na tangu siku ile barua hazijakatika. Wengi wenu mnauliza swali moja, ingawa kila mmoja kaliuliza kwa maneno yake. Mnasema: tumesikia mikakati tangu Uhuru, je, inatungwa na nani, fedha zake hupita wapi, na kwa nini mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu bado yuko pale pale na sinia lile lile? Leo nitajaribu kulijibu swali hilo kwa mfano wa nchi yetu wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya maana. Mkakati si hotuba, wala si orodha ya mambo mazuri tunayoyatamani. Orodha ya matamanio kila mtu anayo, hata asiye na senti mfukoni. Mkakati ni uamuzi wa kuchagua: kwamba kwa kuwa fedha hazitoshi, tutafanya hili kwanza na lile litasubiri. Serikali inayosema kwamba kila kitu ni kipaumbele haijasema kitu, maana kipaumbele ni kile kinachotangulia vingine. Ukilikumbuka jambo hili moja utaweza kusoma mkakati wowote na kujua kama una uzito au ni karatasi.

Historia yetu katika jambo hili ni ndefu. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa jibu la wakati ule kwa maadui hao. Shule na zahanati zilijengwa, watu wazima wakafundishwa kusoma. Lakini uchumi uliotakiwa kuyalipia mambo hayo uliyumba mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1990 nchi ilikuwa na madeni ya nje ambayo riba yake peke yake ilikula fedha ambazo zingenunua dawa na madaftari. Wazazi wakaanza kuchangia elimu na matibabu, na watoto wengi wakabaki nyumbani.

Ndipo mwaka 1998 Ofisi ya Makamu wa Rais ikatoa Mkakati wa Taifa wa Kuondoa Umaskini. Mkakati ule uliweka shabaha ya kupunguza umaskini uliokithiri kwa nusu ifikapo mwaka 2010, na kuufuta kabisa ifikapo mwaka 2025. Dira ya Taifa ya Maendeleo ikafuata, nayo ikitazama mwaka huo huo wa 2025. Ulikuwa mkakati wa kwetu, uliotungwa na watu wetu. Kasoro yake ilikuwa kwamba haukufungwa vizuri na bajeti. Ulieleza pa kwenda, haukueleza nauli italipwa na nani.

Mwaka 1999 mambo yalibadilika. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilitangaza kwamba nchi maskini yenye madeni makubwa, ikitaka isamehewe, sharti iandike mkakati wa kupunguza umaskini, na iuandike kwa kuwashirikisha wananchi wake. Tanzania ikaandika wa kwake mwaka 2000. Mwezi Novemba 2001 tukafika hatua ya kukamilisha masharti, na msamaha wa madeni ukathibitishwa. Mwaka 2006 ukafuata msamaha mwingine wa madeni ya mashirika makubwa ya kimataifa.

Hapa wapo wanaosema: basi mkakati ulikuwa wa wakubwa wa Washington, sisi tuliandika tu ili tusamehewe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ni kweli tuliandika kwa haraka. Warsha za wananchi zilifanyika katika kanda saba mwaka 2000, zikihudhuriwa na watu zaidi ya 800, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanavijiji. Watu 800 katika nchi ya mamilioni si wengi, na warsha ya siku moja si mazungumzo. Hata hivyo yale waliyoyasema wanavijiji yanajulikana. Walilalamikia karo ya shule, barabara zisizopitika masika, dawa zisizokuwepo, maji ya mbali, na rushwa ya ofisini. Na mkakati ulichagua kweli: elimu ya msingi, afya ya msingi, maji, barabara za vijijini, utafiti na ugani wa kilimo, mahakama, na vita dhidi ya UKIMWI. Huo ulikuwa uchaguzi.

Sasa tuone matokeo, maana mti hujulikana kwa matunda yake.

Karo ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001. Mwaka 2000 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa milioni 4.4. Mwaka 2005 walikuwa milioni 7.5. Yaani katika miaka mitano waliongezeka watoto zaidi ya milioni tatu waliokuwa wakichunga mbuzi, wakilea wadogo zao au wakiuza karanga stendi. Kila mwenye moyo afurahi.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Mtoto anaweza kuandikishwa kwa siku moja, bali mwalimu haandaliwi kwa siku moja. Madarasa yalijaa, kitabu kimoja kikasomwa na watoto wengi, na mwalimu akabaki na umati. Mwaka 2012 waliofaulu mtihani wa darasa la saba walikuwa asilimia 31 hivi. Mkakati ulihesabu waliongia mlangoni. Haukuhesabu kwa bidii ile ile wanachotoka nacho. Hilo ni somo la kwanza: taifa hupata kile linachokihesabu.

Katika afya habari ni njema zaidi, na inafaa tujiulize kwa nini. Mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2005 walikuwa 112. Mwaka 2010 walikuwa 81. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Hii si habari ndogo, ndugu zangu. Yako maelfu ya makaburi madogo ambayo hayakuchimbwa. Na siri yake haikuwa kubwa: chanjo, matone ya vitamini A, dawa bora za malaria, vyandarua vyenye dawa ambavyo kuanzia mwaka 2004 mama mjamzito aliweza kuvipata kwa hati punguzo. Kila mmoja katika mnyororo ule, kutoka bohari ya dawa hadi muuguzi wa zahanati, alijua kazi yake ni ipi. Pale mkakati unapokuwa na kitu mahususi, mtu mahususi na siku mahususi, hufanya kazi.

Pale usipokuwa navyo, hupwaya. Na hapa ndipo tunapofika kwenye umaskini wenyewe, yaani umaskini wa kipato.

Wengi huuliza hupimwaje. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutuma wadadisi kwenye kaya zilizochaguliwa kwa kura. Mwaka 2000/01 zilikuwa kaya zaidi ya 22,000. Kila kaya huandikiwa kwenye daftari inachonunua na inachokula, pamoja na mahindi ya shamba lake mwenyewe. Kisha hupigwa hesabu ya gharama za chakula cha kumtosha mtu mzima, na huongezwa kidogo kwa ajili ya nguo, sabuni, mafuta ya taa na mahitaji mengine. Anayeshindwa kufikia kiwango hicho huhesabiwa maskini wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2017/18 kiwango hicho kilikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, unapata kama shilingi 1,640. Mwaka huo nauli ya daladala ya njia fupi hapa Dar es Salaam ilikuwa shilingi 400. Kwa hiyo mtu aliyehesabiwa si maskini angeweza kuwa na thamani ya safari nne za daladala, na humo ndani ale, avae na ajitibu. Ukisikia kwamba fulani yuko juu ya mstari wa umaskini, usidhani anakula biriani.

Basi kwa kipimo hicho, Tanzania Bara mwaka 1991/92 maskini walikuwa kama 39 katika kila watu 100. Mwaka 2000/01 walikuwa 36. Mwaka 2007 walikuwa 34. Mwaka 2011/12 walikuwa 28, na mwaka 2017/18 walikuwa 26. Njia za kupima zimeboreshwa kila mara, kwa hiyo si haki kulinganisha tarakimu moja moja kama anayepima nyama buchani. Lakini mwelekeo unaonekana: umaskini umepungua, ila umepungua kwa mwendo wa kinyonga. Shabaha ya kuupunguza kwa nusu ifikapo 2010 haikufikiwa.

Na iko hesabu nyingine ambayo haisemwi sana. Asilimia hupungua wakati watu wanaongezeka. Mwaka 2000/01 maskini walikuwa kati ya milioni 11 na 12. Mwaka 2018, pamoja na asilimia kushuka, walikuwa kama milioni 14. Asilimia hufurahisha meza ya mkutano. Tumbo huhesabiwa moja moja.

Sasa linakuja swali ambalo msikilizaji mmoja aliliuliza kwa hasira kidogo: kati ya mwaka 2000 na 2007 tuliambiwa uchumi unakua kwa karibu asilimia 7 kila mwaka, je, ulikuwa unakulia wapi? Ni swali la haki, na jibu lake si gumu. Uchumi ulikua kwenye madini, ujenzi, simu, mabenki na utalii. Lakini watu wengi wako kwenye kilimo, na kilimo kilikua kwa karibu asilimia 4. Watu nao waliongezeka kwa asilimia 2.9 kwa mwaka, kama ilivyoonyesha sensa ya mwaka 2002. Ukitoa 2.9 kwenye 4, kinachobaki kwa kila mkulima ni asilimia moja na chembe. Kwa mwendo huo mkulima wa jembe la mkono ataona mabadiliko mjukuu wake akiwa mzee.

Serikali iliona kasoro hiyo. Mwaka 2005 ukatolewa mkakati mpya, ambao sote tuliuzoea kwa jina la MKUKUTA, yaani Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini. Wenzetu wa Zanzibar wakawa na MKUZA. Mpangilio wa MKUKUTA haukufuata wizara moja moja. Ulipangwa kwa matokeo, katika makundi matatu: kukua kwa uchumi na kupunguza umaskini wa kipato, ubora wa maisha na ustawi wa jamii, na utawala bora na uwajibikaji. Fikra yake ilikuwa nzuri. Mtoto hafi kwa sababu ya wizara moja. Hufa kwa maji machafu, barabara mbovu, mama asiyejua kusoma na zahanati isiyo na dawa, vyote kwa pamoja. Ugumu ulikuwa kwamba matokeo yakiwa ya wote, lawama inakuwa si ya mtu. Na orodha ilipanuka hata karibu kila kazi ya serikali ikapata mahali pa kujibanza ndani yake. Nilisema mwanzoni kwamba mkakati ni kuchagua.

Ikafuata MKUKUTA ya pili mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2016 mambo ya umaskini yakaunganishwa ndani ya Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 2025, mwaka ule ule ambao umaskini uliokithiri ulikuwa uwe umefutika, ilizinduliwa Dira nyingine ya kutufikisha mwaka 2050.

Lakini hata mkakati uliochagua vizuri unaweza kufia njiani, na njia yenyewe ni bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Bunge hupitisha makadirio. Kupitisha makadirio si kutoa fedha; ni kutoa ruhusa ya kuzitumia zikipatikana. Hazina hutoa kulingana na makusanyo. Mishahara haiwezi kusubiri, deni haliwezi kusubiri, safari na semina nazo zina namna yake ya kutosubiri. Kinachosubiri ni fedha za maendeleo. Katika halmashauri moja ambayo sitaitaja niliona fedha za madarasa zikifika mwezi Mei, mvua zikiwa hazijakatika na barabara haipitiki kwa lori la saruji. Ilibidi zitumike kabla ya tarehe 30 Juni au zirudi. Fundi alipatikana kwa haraka, matofali kwa haraka, na ukuta ukainuka kwa haraka. Sakafu ilianza kubomoka kabla darasa halijatimiza mwaka. Kwenye taarifa ya utekelezaji darasa lile lilihesabiwa: limejengwa.

Pia fedha zikitoka kwa wengine, maamuzi nayo hutoka kwa wengine. Katika miaka ile ya MKUKUTA ya kwanza karibu asilimia 40 ya bajeti yetu ilitegemea wahisani. Mwaka 2014 baadhi yao walizuia fedha zao kwa ajili ya sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Waliochota hawakulala njaa. Waliongoja ni wale waliokuwa wakitegemea kisima na zahanati. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na safari hii cha ndugu kilizuiliwa kwa makosa ya wenyeji. Ndiyo sababu kodi, pamoja na uchungu wake, ni sehemu ya mkakati wa umaskini. Asiyechangia hana nguvu ya kuuliza.

Nini basi kifanyike? Majirani zetu Waganda walitupa fundisho moja zuri. Mwaka 1996 walifanya utafiti kufuatilia ruzuku ya shule za msingi tangu ilipotoka Hazina hadi ilipofika shuleni, katika miaka ya 1991 hadi 1995. Waligundua kwamba kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu. Serikali yao ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kwenye ubao kiasi zilichopokea. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilichofika kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Wataalamu wanabishana kama ni gazeti peke yake lililoleta mabadiliko hayo, maana yalifanyika na marekebisho mengine. Lakini hakuna anayebisha kwamba mwizi hapendi taa.

Sisi pia taa hiyo tunayo, ila mara nyingi haina mafuta. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanapotakiwa kusomwa. Iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Uko utaratibu wa wananchi kuibua miradi yao wenyewe, unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. TASAF, ulioanza mwaka 2000 na baadaye kufikia kaya zaidi ya milioni moja kwa ruzuku, huanza kuzitambua kaya maskini katika mkutano wa kijiji au mtaa wenyewe. Pale watu walipohudhuria na kusema, ruzuku ilifika kwa bibi anayelea wajukuu yatima. Pale waliponyamaza, walioandikwa ni jamaa za waandikaji.

Najua wengi wenu mnaonisikiliza na kunisoma mko mjini, na pengine mnajiuliza: haya ya vijijini yananihusu nini? Takwimu za mwaka 2017/18 zilionyesha maskini ni kama 8 katika 100 hapa Dar es Salaam, lakini ni 31 katika 100 vijijini. Tofauti hiyo ndiyo inayowapandisha vijana basi kila alfajiri. Umaskini wa kijijini haukai kijijini. Hushuka stendi na begi moja, hupanga chumba cha watu sita bondeni, huuza maji kwenye foleni ya magari, na mvua ikinyesha husombwa. Mkulima wa Lindi asipopata barabara ya kutolea mazao yake, wewe wa Manzese unalipa zaidi kwa mbaazi, na mwanawe anakuwa jirani yako.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, tena dogo. Mtakapoletewa mkakati mwingine, na utaletwa, msiulize kama umeandikwa vizuri. Tunao waandishi wazuri. Ulizeni maswali manne: Umechagua nini, na umeacha nini? Nani atajibu usipofanyika, kwa jina na cheo? Fedha zake zinatoka wapi, na zitafika mwezi gani? Na sisi tutajuaje kwamba zimefika? Ulizeni kwenye mkutano wa mtaa, mwulizeni diwani, mwandikieni mbunge. Mkijibiwa yote manne, mpeni aliyewajibu ushirikiano wenu, na kodi yenu mlipe. Msipojibiwa, ulizeni tena mkutano ujao, na mwende na jirani.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Hawakuwa wakituzuia kupanga. Walikuwa wakitukumbusha kwamba aliyepanga lazima abaki hadi siku ya kutumia, na akae karibu na mfuko.

Nawatakia juma jema, na panapo majaliwa tutazungumza tena.